Umetapeliwa ukinunua gari mtandaoni? Hizi ndizo njia za kisheria

Kila msimu wa kahawa unapomalizika na wakulima wakalipwa, simu za aina moja huanza kuingia studio kwetu. Msikilizaji anaongea kwa sauti ya chini, anaomba jina lake lisitajwe hewani, kisha anasema: "Nimeliwa." Ukimuuliza ameliwa vipi, habari zinafanana. Aliona gari Facebook au kwenye kundi la WhatsApp, akazungumza na muuzaji, akatuma pesa kwa simu, na gari halikufika Kasulu wala Manyovu.

Swali linalofuata ni moja: "Sasa nifanye nini?" Wengi hukaa kimya kwa aibu, na wengine hawamwambii hata mwenza wao. Wapo wanaoamini kwamba pesa ikishatoka kwenye simu hakuna sheria inayoweza kuifuata. Hilo si kweli, ingawa pia si kweli kwamba kila anayeripoti hurudishiwa pesa yake. Katika makala haya tunaeleza hatua za kuchukua moja baada ya nyingine, ofisi za kwenda, na sheria za Tanzania zinavyosema. Makala yanakupa mwanga wa jumla. Kwa shauri lako mwenyewe, zungumza na mwanasheria au msaidizi wa kisheria, na tutaeleza hapo chini unavyoweza kumpata bila malipo.

Utapeli huu unavyofanyika

Tuchukue mfano. Mkulima wa Munanila ameuza kahawa na ng'ombe wawili, anatafuta Probox ya kufanyia kazi ya mchomoko kati ya Kasulu na Manyovu. Anaona tangazo: Probox safi, milioni 6 na nusu, ipo Dar es Salaam, mwenye gari anahama nchi. Magari ya namna hiyo kwa wengine yanauzwa bei kubwa kuliko hiyo. Anapiga simu. Muuzaji ni mpole, anatuma picha za gari, picha ya kadi ya gari, hata picha ya kitambulisho cha NIDA.

Kisha anasema wapo wateja wengine wawili wanaolitaka, kwa hiyo atume milioni 2 za kulishikilia. Pesa inatumwa. Kesho yake inatakiwa laki 4 ya dereva na mafuta. Keshokutwa gari "limekamatwa mizani," inatakiwa laki 3 nyingine. Kila mara jina linalotokea wakati wa kutuma ni tofauti na jina la muuzaji, naye ana maelezo: hiyo ni namba ya mke wangu, hiyo ni ya mhasibu wetu. Siku ya nne simu haipatikani na akaunti ya Facebook imefutwa.

Tazama vizuri mfano huo. Tapeli hakuchukua pesa yote kwa mara moja. Alichukua kidogo kidogo, na kila malipo yalikuwa ya kuokoa malipo yaliyotangulia. Ndiyo maana hata watu wenye akili timamu na wasomi wananaswa. Hakuna sababu ya kuona aibu ya kuripoti.

Hatua ya kwanza: piga simu kwa mtandao wako mara moja

Pesa iliyotumwa kwa simu hukaa kwenye akaunti ya mpokeaji mpaka aitoe kwa wakala au aihamishe. Muda huo unaweza kuwa dakika chache tu. Kwa hiyo ukigundua umetapeliwa, kabla ya kwenda popote, piga 100 kwa mtandao uliotumia kutuma. Namba hiyo ya huduma kwa wateja ni moja kwa mitandao ya Tanzania.

Mwambie mhudumu: nimetapeliwa, naomba muamala uzuiwe. Mpe namba ya kumbukumbu ya muamala iliyo kwenye ujumbe wa uthibitisho, kiasi, saa, na namba iliyopokea. Kama pesa bado ipo kwenye akaunti ya mpokeaji, inaweza kuzuiwa wakati suala linachunguzwa. Kama imeshatolewa, mtandao hauna pesa ya kukurudishia, lakini taarifa yako inabaki kwenye kumbukumbu na itawasaidia polisi.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Huduma ya kurudisha muamala iliyo kwenye menyu ya simu imewekwa kwa ajili ya mtu aliyekosea namba. Aliyetapeliwa hakukosea namba, alituma kwa hiari yake akiwa amedanganywa. Usimdanganye mhudumu kwamba ulikosea namba. Sema ukweli tangu mwanzo, kwa sababu maelezo yako ya leo yatalinganishwa na maelezo utakayotoa polisi kesho.

Baada ya hapo ripoti namba ya tapeli kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Tuma ujumbe wa kitapeli uliotumiwa kwenda namba 15040, kisha fuata maelekezo utakayopewa ili utaje namba iliyoutuma. Taarifa za namna hii husaidia namba za matapeli kufungiwa. TCRA hutoa takwimu zake kila robo mwaka, na taarifa hizo zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa inaongoza kwa namba zinazohusishwa na majaribio ya ulaghai. Kwa hiyo usishangae ukiambiwa kwamba "muuzaji wa Dar es Salaam" hakuwa Dar es Salaam kabisa.

Hatua ya pili: hifadhi ushahidi

Watu wengi wakishatapeliwa hufuta kila kitu kwa hasira. Usifanye hivyo. Simu yako sasa ni ushahidi, na ushahidi huo una nguvu kisheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inasema taarifa za kielektroniki hazikataliwi mahakamani kwa sababu tu ni za kielektroniki. Mahakama huangalia kama taarifa hizo zinaaminika, zilivyotunzwa, na kama zinaweza kuhusishwa na aliyezituma.

Hifadhi vitu hivi:

Ujumbe wote wa uthibitisho wa malipo, kila mmoja, ukiwa kwenye simu iliyoupokea.

Mazungumzo yote ya WhatsApp au Messenger, pamoja na sauti alizokutumia. Usikate sehemu ulizojibu wewe.

Picha ya tangazo, jina la akaunti na kiungo chake. Piga picha ya skrini mapema, maana akaunti hufutwa.

Namba zote za simu alizotumia na majina yaliyotokea wakati wa kutuma pesa.

Picha za gari, namba ya gari, kadi ya gari na kitambulisho alivyokutumia, hata kama unajua ni vya bandia.

Kisha chukua daftari. Andika tarehe, saa na kiasi kwa kila malipo, na alichokuambia kabla hujatuma. Andika leo wakati bado unakumbuka, kwa sababu kesi inaweza kuja kusikilizwa baada ya mwaka. Kama mtu alikuwa karibu ulipokuwa ukizungumza na tapeli kwa sauti kubwa, andika jina lake. Huyo ni shahidi. Wakala uliyekwenda kuweka pesa kwake naye anaweza kuwa shahidi.

Simu yenyewe usiiuze, usiifute na wala usimpe mtoto achezee. Ikiwezekana weka laini nyingine kwenye simu ya kawaida ili hiyo ibaki salama.

Hatua ya tatu: polisi

Nenda kituo cha polisi kilicho karibu nawe. Wapo wanaoambiwa na majirani kwamba lazima wakaripoti Dar es Salaam kwa sababu muuzaji alisema yuko huko. Wewe ulidanganywa ukiwa Buhigwe, pesa ilitoka Buhigwe na hasara umeipata Buhigwe. Ripoti huku huku.

Kituoni utaeleza tukio, litaandikwa kwenye kitabu cha taarifa na utapewa namba, ile tunayoiita RB. Iandike na uitunze. Mtandao wa simu au benki watakuuliza namba hiyo. Baadaye utaandikwa maelezo yako. Yasome kabla ya kusaini, na kama husomi vizuri omba usomewe. Hakikisha kila malipo yametajwa kwa kiasi na tarehe.

Kufungua taarifa polisi ni bure. Akitokea mtu akakuomba pesa ili taarifa yako ipokelewe, una haki ya kuripoti TAKUKURU kwa kupiga 113 bila malipo.

Polisi wana uwezo ambao wewe huna. Wewe ukienda kwenye mtandao wa simu kuuliza mwenye namba fulani ni nani, hutaambiwa, kwa sababu taarifa za mteja ni siri. Sheria ya Makosa ya Mtandao inawapa wapelelezi mamlaka ya kudai taarifa hizo na kuagiza zitunzwe zisifutwe. Wanaweza kujua laini imesajiliwa kwa nani, pesa ilitolewa kwa wakala gani, saa ngapi, na kama imehamishiwa namba nyingine. Jalada likihitaji utaalamu zaidi, linaweza kupelekwa kwa mkuu wa upelelezi wa mkoa, Kigoma, na Jeshi la Polisi lina kitengo cha makosa ya mtandao.

Kuna jambo moja la kuvumilia. Tangu mwaka 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Lakini laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu si lazima iwe mkononi mwa mtu huyo. Wapo wazee vijijini waliowekeshwa kidole mara mbili tatu na msajili wa mtaani, na laini ya ziada ikauzwa kwa matapeli. Upelelezi unaweza kuanzia kwa bibi asiyejua lolote. Ndiyo maana hauishi kwa siku moja.

Na hapa kuna la kukuhusu hata kama hujawahi kutapeliwa. Bonyeza *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao husika uiondoe, kabla polisi hawajaja kukuuliza wewe.

Sheria inasemaje kuhusu tapeli

Kosa hili kwa kawaida hushtakiwa kwa sheria mbili.

Ya kwanza ni Kanuni ya Adhabu. Kujipatia fedha au mali kwa njia ya udanganyifu ni kosa ambalo kwa miaka mingi limeshtakiwa chini ya kifungu cha 302, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka 7. Upande wa mashtaka unatakiwa kuonyesha kwamba mshtakiwa alisema uongo akijua ni uongo, kwa nia ya kulaghai, na kwamba uongo huo ndio uliokufanya utoe pesa.

Ya pili ni Sheria ya Makosa ya Mtandao, Namba 14 ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2015. Kifungu cha 12 kinahusu udanganyifu kwa kutumia kompyuta, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Kifungu cha 15 kinahusu kujifanya mtu mwingine mtandaoni. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au mara 3 ya faida aliyoipata, kiasi chochote kitakachokuwa kikubwa zaidi, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote. Tapeli aliyetumia jina na picha za kampuni halali ya magari au kitambulisho cha mtu mwingine anaweza kuguswa na kifungu hiki.

Tofautisha utapeli na deni. Kama muuzaji anafahamika, gari lipo, ila amechelewa kulileta au mmegombana kuhusu bei, hilo ni suala la mkataba. Polisi si wakusanyaji wa madeni. Lakini kama gari halikuwepo tangu mwanzo, au lilikuwa la mtu mwingine, au aliliuza gari moja kwa watu watatu, hapo kuna jinai.

Je, nitarudishiwa pesa yangu?

Hili ndilo swali la msingi, na jibu lake lina njia mbili.

Njia ya kwanza iko ndani ya kesi ya jinai. Kesi hiyo si yako, ni ya Jamhuri dhidi ya mshtakiwa, na wewe ni shahidi. Mshtakiwa akitiwa hatiani anaweza kufungwa na faini ikaenda serikalini, wewe ukabaki mikono mitupu. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaipa mahakama uwezo wa kumwamuru aliyetiwa hatiani amlipe fidia mtu aliyepata hasara. Uwezo huo ni wa hiari ya mahakama. Kwa hiyo mapema kabisa mwambie mwendesha mashtaka kwamba unaomba fidia, umpe hesabu ya pesa yote na uthibitisho wake. Usisubiri hukumu ndipo uanze kuuliza.

Njia ya pili ni kesi ya madai. Hii unaifungua wewe mwenyewe, na ina maana pale tu unapomjua aliyepokea pesa yako na mahali anapopatikana. Sheria ya Mikataba inasema mkataba uliopatikana kwa ulaghai unaweza kubatilishwa na aliyelaghaiwa, hivyo una msingi wa kudai ulichotoa.

Habari njema kwa mtu wa kijijini ni kwamba madai mengi ya namna hii yanaingia Mahakama ya Mwanzo. Mahakama hiyo inasikiliza madai ya fedha yanayotokana na mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30. Huhitaji wakili na kesi huendeshwa kwa Kiswahili. Kesi inaweza kufunguliwa pale mdaiwa anapoishi au pale jambo lilipotokea. Nenda kwa karani wa mahakama, atakueleza namna ya kuandika madai na ada ya kulipa. Ada hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, si mkononi mwa mtu.

Muda wa kufungua madai ya mkataba ni miaka 6. Usiutumie muda huo kulala, maana mashahidi huhama na simu huharibika. Jua pia kwamba kushinda kesi ni nusu ya safari. Mdaiwa akigoma kulipa itabidi uombe mahakama ikazie hukumu, na hapo utatakiwa kuonyesha mali aliyonayo. Kama ana kiwanja, pikipiki au duka, tafuta taarifa hizo mapema.

Tunasema hivi wazi ili usipoteze pesa nyingine kwa matumaini. Kama aliyepokea laki 3 hajulikani na pesa ilishatolewa, ripoti polisi, lakini usiuze mbuzi kwa ajili ya nauli za kumtafuta mwenyewe.

Kama ni pesa ya kikundi

Hapa ndipo maumivu huwa makubwa. Mtunza hazina wa kikoba ametumwa na wenzake kulipia gari la kikundi, pesa imeliwa, na minong'ono inaanza: labda amekula yeye na tapeli. Ndoa zinayumba na vikundi vinavunjika.

Kinga yake ni maandishi. Awe na muhtasari wa kikao kilichoidhinisha malipo, aripoti polisi siku ile ile, na awaonyeshe wenzake ujumbe wa miamala na namba ya RB. Wanachama wawili wafuatane naye kituoni. Mtu anayeripoti haraka na kukabidhi simu yake ikaguliwe huwa amejitetea vizuri kuliko anayelia tu. Nanyi wanachama, kabla ya kumhukumu mwenzenu, subirini upelelezi uonyeshe pesa ilitolewa wapi na nani.

Kama ulilipa kwa benki au nje ya nchi

Wapo wanaoagiza gari moja kwa moja kutoka Japani. Kampuni nyingi za huko ni halali, lakini matapeli hutengeneza tovuti zinazofanana na zao na kutuma ankara yenye akaunti ya benki ya mtu binafsi, wakati mwingine katika nchi nyingine kabisa.

Ukigundua, nenda benki yako siku hiyo hiyo na barua fupi ukiomba waombe pesa irudishwe na benki iliyopokea. Nakala moja wakupigie muhuri. Fungua taarifa polisi, kwa sababu polisi wa Tanzania wanaweza kuwasiliana na wenzao kupitia Interpol. Chama cha wauzaji nje wa magari yaliyotumika cha Japani, JUMVEA, kina orodha ya wanachama wake. Kuangalia orodha hiyo kabla ya kulipa ni rahisi kuliko kufuatilia pesa Japani.

Kama benki au kampuni ya simu imepuuza malalamiko yako, yaandike rasmi kwao kwanza. Wakishindwa kuyatatua, unaweza kuyapeleka Benki Kuu ya Tanzania, ambayo inasimamia huduma hizo na ina dawati la malalamiko ya wateja.

Gari lenye namba za Burundi

Sisi tuko mpakani, na matangazo mengine ni ya magari ya bei poa yaliyopo ng'ambo ya Manyovu. Hata kama gari lipo kweli na umeliona kwa macho, gari lililoingia bila kulipiwa ushuru linaweza kukamatwa na kutaifishwa chini ya sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hapo utakuwa umepoteza gari na pesa, na utakuwa na maswali ya kujibu. Uliza kwanza ofisi ya TRA.

Mambo ya kuepuka

Usitume pesa nyingine ili "kukomboa" ile ya kwanza.

Usimwamini anayekupigia akisema anaweza kurudisha pesa zilizotapeliwa kwa ada ndogo. Huyo ni tapeli wa pili, na mara nyingine ni yule yule. Vivyo hivyo kwa anayejiita afisa wa polisi au wa TCRA na kuomba umtumie pesa au namba yako ya siri.

Usisambaze picha ya kitambulisho alichokutumia ukimwita mwenye sura hiyo mwizi. Huenda kitambulisho hicho kiliibwa na mwenye sura ni mtu mwema wa Tanga au Mbeya. Kusambaza taarifa za uongo mtandaoni kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa.

Usijichukulie sheria mkononi hata ukimpata. Mpeleke polisi. Tapeli aliyepigwa na wananchi hadi kufa hawezi kulipa fidia, na waliompiga wataishia gerezani.

Akija kuomba mmalizane, makubaliano yawe ya maandishi, yataje kiasi na tarehe, na mpelelezi ajulishwe. Usiache kwenda kutoa ushahidi kwa kulipwa laki moja kati ya milioni tatu.

Msaada wa kisheria bila malipo

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria wanaowahudumia bure watu wasio na uwezo. Msaidizi wa kisheria hasimami mahakamani kukuwakilisha, lakini anaweza kukuelimisha, kukusaidia kuandika na kukuelekeza kwa wakili. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri, au mtendaji wa kata yako, akuambie walipo. Tangu mwaka 2023 ipo pia Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia inayozunguka mikoani. Timu yake ikifika, nenda na nyaraka zako.

Kabla ya kulipa gari lijalo

Usilipe gari ambalo wewe au mtu unayemwamini hajaliona, hajaliwasha na hajasoma namba ya chesisi. Karibu kila ukoo wa huku una mtu Dar es Salaam. Mpigie, mpe nauli ya daladala, aende.

Kadi ya gari ihakikiwe TRA, siyo kwa picha ya WhatsApp. Namba ya gari unaweza kuiangalia kwenye mfumo wa polisi wa makosa ya usalama barabarani na ule wa bima wa TIRA MIS. Gari linalodaiwa ni IST nyeupe lisije likaonekana huko kuwa lori.

Jina linalotokea ukitaka kutuma pesa likiwa tofauti na jina lililo kwenye kadi ya gari, simama hapo hapo. Na ukiambiwa "wahi, wapo wengine wanalitaka," mwambie awauzie hao wengine.

Namba za kukumbuka

100: huduma kwa wateja ya mtandao wako.
15040: kuripoti ujumbe na namba za kitapeli TCRA.
*106#: kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.
112: dharura, polisi.
113: TAKUKURU.

Mtumie makala haya mtu unayemjua anayetafuta gari msimu huu. Na kama tayari umeliwa, usilale na jambo hili moyoni. Mwambie mwenza wako leo, na kesho asubuhi mfuatane kituoni.